Mtandao Ukikatika, Nani Ana Ruhusa ya Kuandika?

Mutahi Kagwe, aliyekuwa mbunge wa Mukurweini, Nyeri, kuanzia 2002 hadi 2007, ndiye aliyekuwa Waziri wa Habari na Mawasiliano wakati serikali ya Mwai Kibaki ilipoamua kwamba Kenya ivute kebo yake yenyewe chini ya bahari. Kebo hiyo, TEAMS, ilitoka Fujairah katika Falme za Kiarabu ikafika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa. Kebo za Seacom na EASSy nazo zikafika, na katika muda usiotimia miaka ishirini shughuli zilizokuwa zikiandikwa kwa wino zikahamia kwenye skrini: ombi la cheti cha kuzaliwa, kesi ya mahakamani, bima ya hospitali, mbolea ya ruzuku, malipo ya kahawa. Mwenyeji wa Gikondi au Rugi, huko huko Mukurweini, anayetaka huduma ya serikali leo hupita saiba kwanza, ndipo aende kwa karani.

Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini. Tanzania iliumia zaidi. Kenya, yenye njia nyingine ikiwemo TEAMS, ilibaki na intaneti ya kujikokota kwa siku kadhaa. Mwaka uliotangulia, stima ilipotea karibu nchi nzima mara tatu kati ya Agosti na Desemba. Haya ni makubwa yaliyotangazwa. Yasiyotangazwa ni yale ya kila wiki: mti umeangukia nyaya, mnara wa simu umekosa nguvu, nywila ya ofisa aliyehamishwa haijabadilishwa. Mzee aliyetoka kijijini asubuhi kwa matatu anafika dirishani na kuambiwa: sistimu iko chini, rudi kesho.

Jibu hilo ndilo linalonishughulisha. Ukichungulia nyuma ya dirisha utaona karatasi, kalamu, mhuri na kabati la faili. Aghalabu utamwona pia karani aliyeajiriwa enzi za leja, anayejua kazi hiyo bila kompyuta. Vifaa vya kale vipo, na mara nyingi ujuzi nao upo. Kinachokosekana ni ruhusa. Hakuna waraka unaomwambia karani huyo kwamba mtandao ukipotea kwa saa kadhaa anaweza kuandika ombi kwenye daftari, agonge mhuri, na maandishi yake yahesabiwe kuwa halali mbele ya mkaguzi wa hesabu. Akiandika kwa hiari yake, anajitia hatarini. Akimrudisha mzee nyumbani, hakuna wa kumlaumu. Ofisi nyingi za serikali yetu zimepangwa hivyo, na ndiyo sababu mabishano ya karatasi dhidi ya kompyuta hayatufikishi popote.

Tazama yaliyotokea Julai 2023. Serikali ilikuwa imetoka tu kutangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimeingizwa kwenye tovuti yake ya eCitizen. Mwishoni mwa mwezi, kundi la wavamizi wa mtandaoni lililojiita Anonymous Sudan liliifurikisha tovuti hiyo kwa maombi bandia hadi ikashindwa kujibu. Eliud Owalo, waziri aliyehusika, alithibitisha shambulio na kusema data haikupotea. Katika siku zilezile watu walishindwa kununua tokeni za umeme kwa simu. Lakini si kila ofisi ilikwama. Shirika la Reli liliwaambia abiria walipe nauli kwa pesa taslimu. Serikali ikaamua kwamba wageni walioshindwa kupata viza mtandaoni wapewe wanapotua. Katika hali hizi mbili, mwenye mamlaka alisema neno moja na kazi ikaendelea kwa njia ya zamani. Kwingine hakuna aliyesema neno. Reli haikuwa na karatasi nyingi kuliko ofisi ya kaunti ndogo.

Taasisi iliyopitia somo hili kwa uchungu kuliko zote ni ile inayosimamia uchaguzi, na inafaa tukae nayo kidogo.

Mwaka 2007 kura zilihesabiwa na kujumlishwa kwa karatasi, na karatasi hizo ndizo zilizochezewa. Tume ya jaji wa Afrika Kusini, Johann Kriegler, iliandika mwaka 2008 kwamba takwimu zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani alishinda. Kwa hiyo nchi ilikimbilia mashine ikiwa na sababu nzito, iliyolipiwa kwa damu ya ghasia zilizofuata. Yeyote anayetetea daftari la kale, nami ni mmoja wao, lazima aanze kwa kukiri kwamba karatasi ya Kenya ina historia hiyo.

Tarehe 4 Machi 2013 mashine zilifika. Vifaa vya kutambua wapigakura kwa alama za vidole vilianza kuzimika mapema katika vituo vingi. Madarasa ya shule za msingi hayakuwa na soketi, na betri ziliisha. Wasimamizi wakarudia daftari lililochapishwa. Usiku, mfumo wa kupeleka matokeo ulilemewa, na kosa la programu likazidisha idadi ya kura zilizokataliwa mara nane katika hesabu zilizoonyeshwa nchi nzima. Ikabidi wasimamizi wa maeneobunge wasafiri na fomu zao hadi Bomas of Kenya, na mshindi akatangazwa tarehe 9. Mahakama ya Juu iliposikiliza kesi ilitaja uzembe na mivutano katika ununuzi wa vifaa hivyo. Karatasi iliokoa uchaguzi ule, lakini iliuokoa kwa dharura. Njia ya karatasi haikuwa imeandaliwa ibebe mzigo wote, na mashaka yaliyobaki hayakwisha.

Baada ya hapo Bunge likaingiza katika Sheria ya Uchaguzi kifungu cha 44A, kinachoitaka tume ya uchaguzi iwe na njia ya ziada ya kutambua wapigakura na kupeleka matokeo pale teknolojia inaposhindwa. Upinzani ulikipinga kifungu hicho vikali, kwa hofu kwamba njia ya ziada ingekuwa njia ya wizi. Nauelewa msimamo huo. Hata hivyo, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017 tume yenyewe ilisema vituo zaidi ya 11,000, kati ya 40,883, havikuwa na mtandao wa kasi wa kutuma picha ya fomu. Kituo kimoja kati ya vinne! Nchi iliyo na hali hiyo haiwezi kujidai haihitaji njia ya pili.

Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta uchaguzi wa urais. Wengi wanakumbuka habari ya seva ambazo tume ilikataa kuzifungua ipasavyo. Wachache wanakumbuka kwamba uchunguzi uliofanywa chini ya msajili wa mahakama ulihusu pia karatasi zenyewe: fomu zisizo na mhuri, zisizo na alama za usalama, zisizo na nambari mfululizo. Kwa maneno mengine, mashine na karatasi vilishindwa pamoja, na sababu ilikuwa moja. Hakuna kati ya hivyo viwili kilichopewa nidhamu ya kutosha kusimama peke yake.

Kisha ukaja 2022, na hapa ndipo ninapoona kazi ya kujivunia. Fikiria darasa la shule yoyote ya Mukurweini jioni ile ya 9 Agosti. Kura zinahesabiwa mbele ya mawakala. Msimamizi wa kituo anajaza fomu ya matokeo, Fomu 34A, kwa mkono, mawakala wanatia saini na kuondoka na nakala zao, nakala nyingine inabandikwa mlangoni. Ndipo kifaa cha kielektroniki cha tume, KIEMS, kinapopiga picha ya karatasi ileile na kuituma. Picha za karibu vituo vyote 46,229 zikawekwa kwenye tovuti, na kila Mkenya mwenye simu akawa mkaguzi. Ona mpangilio: hati asili ni karatasi yenye wino na saini, na mashine ni mpiga mbio anayeifikisha haraka. Mtandao ukikatika, kinachopotea ni kasi. Matokeo yenyewe yapo mlangoni, na nakala zimo mifukoni mwa mawakala. Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi wa kesi ya urais mwezi uliofuata, iliweza kulinganisha fomu asili na picha zake.

Kitu kinachoipa karatasi ile nguvu ni nakala. Fomu moja inayokaa katika kabati moja ni chambo cha mwizi. Fomu yenye nakala nyingi mikononi mwa watu wasioaminiana haichezewi kwa urahisi, kwa sababu kila nakala huilinda nyingine.

Wakulima wa kahawa wa Mukurweini wanalijua hili tangu zamani. Mkulima analeta kahawa mbivu faktori, anaichambua, inawekwa kwenye mizani, karani anataja kilo, anaandika kwenye daftari chini ya nambari ya mwanachama na kumpa risiti. Karatasi ya kaboni huacha nakala faktori. Malipo hufika miezi mingi baadaye, kahawa ikiwa imekobolewa, imeuzwa mnadani Nairobi na makato kufanywa. Katika muda huo wote, ushahidi pekee wa mkulima ni vikaratasi vyake, na ndiyo sababu mama wa nyumba nyingi huvitunza pamoja na kadi ya kliniki na hatimiliki. Siku hizi faktori nyingi zina mizani ya kidijitali inayochapa risiti yenyewe. Tangu 2023 pesa za mnada hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja unaoendeshwa na Benki ya Ushirika, ili zisichelewe mikononi mwa madalali. Naiunga mkono hatua hiyo. Wizi wa kilo kwenye mizani ya zamani uliwafukarisha wakulima wengi. Ninachouliza ni hiki: mashine inapogoma katikati ya foleni ya Novemba, kahawa ikiwa tayari inaanza kuchacha ndani ya magunia, kitabu cha risiti chenye nambari kipo? Na risiti ile ya mashine, ambayo wino wake wa joto hufifia kabla ya malipo kufika, ni ushahidi gani kwa mkulima? Chama kilichoondoa kitabu cha kaboni bila kumwachia mwanachama maandishi yanayodumu kimehamisha nguvu yote ya ushahidi upande wa ofisi. Hilo ni badiliko kubwa, nalo hupita bila hata kujadiliwa kwenye mkutano mkuu.

Kwenye ardhi mambo ni magumu zaidi. Mashamba ya Nyeri yaliunganishwa na kupimwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, chini ya mpango wa Swynnerton wa 1954, na dhuluma za zoezi lile bado zinazungumzwa katika koo. Kutoka hapo ikazaliwa kadi ya kijani inayokaa masjala: historia yote ya shamba, mmiliki baada ya mmiliki, mkopo, zuio. Nimeitazama kazi ya masjala kwa muda mrefu na sina cha kuipamba. Faili hupotea na kuonekana baada ya mtu kulipwa; kadi huchomolewa; kurasa hubadilishwa. Ardhisasa, iliyozinduliwa Nairobi tarehe 27 Aprili 2021, ilikuja kuyakomesha hayo. Lakini mawakili wa Nairobi wamelalamika mara nyingi kwamba mfumo ukizimika, uhamisho wa ardhi husimama jiji zima, kwani kaunta ya zamani ilikwisha fungwa. Mfumo huo unapoenea katika eneo la Mlima Kenya, ningependa kadi za kijani zichanganuliwe kisha zihifadhiwe kwa utaratibu, zisitupwe na zisiachwe zioze. Mahakama zetu bado zinazihitaji: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti maalumu kabla ya rekodi ya kielektroniki kupokelewa kortini.

Na tukitaja korti, Jaji Mkuu Martha Koome alieneza uwasilishaji wa kesi kwa mtandao nchi nzima tarehe 11 Machi 2024. Mukurweini ina mahakama yake ya hakimu. Asiyeridhika na hukumu katika kesi ya madai ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku hizo haziulizi kama tovuti ilikuwa inafunguka. Sheria inaruhusu kuomba muda uongezwe kukiwa na sababu nzuri, lakini ombi hilo nalo ni gharama ya wakili na safari za kwenda Nyeri. Mhuri mmoja wa tarehe, uliogongwa na karani kwenye rufaa iliyoletwa kwa mkono siku ya kuzimika, na kukubaliwa na sheria kuwa tarehe halisi ya kuwasilisha, ungemwondolea mlalamikaji maskini mzigo huo wote.

Hospitalini hakuna hata muda wa kubishana. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na wiki za mwanzo wagonjwa katika sehemu nyingi waliambiwa watoe pesa taslimu kwa sababu mfumo haukuwatambua. Mkaguzi Mkuu Nancy Gathungu alieleza mwaka 2025 kwamba mfumo huo, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali. Kama wenye mfumo ni wengine, basi hospitali yenye fomu za karatasi zilizokubaliwa mapema kwa siku za kukwama ingekuwa na angalau kitu kimoja kilicho chake.

Nchi tajiri zimepita humu humu. Julai 2018 wilaya ya Matanuska-Susitna huko Alaska ilivamiwa na virusi vya kompyuta, na wafanyakazi wakatoa taipureta kabatini, wakaandika risiti kwa mkono na kuendelea kuhudumia watu. Machi 2019 kampuni ya Norway ya aluminiamu, Norsk Hydro, ilifungiwa kompyuta zake na wavamizi waliodai fidia. Ilikataa kulipa, ikaendesha mitambo kwa karatasi na maarifa ya wafanyakazi wa zamani, hata wastaafu wakijitolea kurudi. Tarehe 19 Julai 2024, sasisho moja bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike lilizima kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, na katika viwanja vya ndege vya India abiria walipanda na pasi zilizoandikwa kwa mkono. Kote huko kulikuwa na watu waliokumbuka namna kazi ilivyofanywa, na wakubwa waliowaruhusu.

Kumbukumbu hiyo haidumu milele. Karani aliyejifunza leja miaka ya 1980 anastaafu sasa hivi, au amekwisha staafu. Kijana anayempokea ni hodari wa skrini, lakini hajawahi kufunga hesabu ya siku katika kitabu cha mapato, hajui kwa nini risiti iliyoharibika haichanwi bali hufutwa kwa mstari na kubaki kitabuni, na hajui kwa nini kitabu kipya hakifunguliwi kabla cha zamani hakijasainiwa. Kanuni hizo zinaonekana za kizamani, lakini kila moja ilitungwa baada ya wizi fulani, na ndizo zinazofanya karatasi iaminike. Kurudia karatasi bila kanuni zake ni kumfungulia mlango yule mla rushwa tuliyemfukuza kwa mashine.

Kwa hiyo ninachopendekeza kwa ofisi ya kaunti ndogo, faktori au zahanati si kingi, ila kinadai nidhamu. Vitabu viwe na nambari mfululizo, vitolewe na ofisi ya kaunti na kuandikishwa, na mwananchi abaki na nakala. Mkuu wa ofisi atangaze kwa maandishi saa ambayo mtandao umekatika na saa uliyorudi, ili daftari lisitumike siku ambayo haikuwa na shida. Yaliyoandikwa yaingizwe kwenye mfumo katika muda uliowekwa, na mtu mwingine asiyekuwa mwandishi alinganishe. Zaidi ya yote, kila robo mwaka ofisi izime kompyuta asubuhi moja kwa makusudi, na vijana wahudumie watu kwa kitabu huku karani mzee akiwa bado yupo wa kuwasahihisha. Gharama ya asubuhi hiyo ni ndogo mno ukiiweka kando ya siku tatu za foleni iliyorudishwa nyumbani.

Jambo moja lina tarehe yake tayari. Kwa mujibu wa Katiba, uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwaka 2022, suala la kama daftari la wapigakura lililochapishwa lingeweza kutumika lilikuwa likibishaniwa kortini hadi wiki ya kupiga kura: Mahakama Kuu iliamuru litumike, Mahakama ya Rufaa ikaizuia amri hiyo tarehe 8 Agosti, siku moja kabla ya kura. Kesho yake vifaa vikagoma Kakamega na sehemu za Makueni, na mwenyekiti wa tume wakati huo, Wafula Chebukati, akaruhusu daftari lilelile. Wasimamizi wa vituo walipaswa kujifunza kanuni hiyo wakiwa wamesimama mbele ya foleni. Tume mpya ya uchaguzi bado ina muda wa kuandika, kuchapisha na kufundisha ni nani hasa kituoni anayeamua kwamba kifaa kimekufa, anasubiri dakika ngapi, anasaini wapi, na mawakala wanapewa nakala gani ya uamuzi huo. Itangaze sasa, kabla mafunzo ya wasimamizi hayajaanza, ili atakayepinga aende kortini mapema na kesi iishe kabla madarasa hayajageuzwa vituo vya kura.